Uzi Ambao Susu Hakuusuka

Kitako cha kiondo kilikataa kulala. Shangazi alikiweka juu ya meza ya sebuleni, akakikandamiza katikati kwa kiganja, kikatulia. Alipoondoa mkono, kikafura tena kama chapati iliyopata moto. Akakigeuza, akakirudisha, akakikandamiza mara ya pili. Kisha akaacha kukitazama kiondo, akanitazama mimi.

"Nimefuata video yako uzi kwa uzi," akasema. "Uzi kwa uzi, mwanangu. Sasa niambie nimekosea wapi."

Jikoni, Mama alikuwa akichambua maharagwe ya kupika pamoja na mahindi yawe isyo. Mlio wa maharagwe yakiangukia sufuria ukakoma. Nyumbani kwetu hapa Kola, mlio huo ukikoma ghafla namna ile, ujue kesi imefunguliwa na mashahidi wanasikiliza.

Kesi yenyewe ilikuwa imeanza siku sita nyuma. Dada yetu anaolewa mwezi wa Agosti, na Shangazi alikuwa ameapa kwamba bi harusi hatoki nyumbani kwao bila kiondo kilichoanzwa jinsi Susu, mama yake, alivyokuwa akikianza. Si kwamba Shangazi hajui kusuka. Makonge huyasokota pajani huku akizungumza na wewe, na mkono hausimami hata akicheka. Lakini Susu alikuwa na mwanzo wake. Katikati kabisa ya kitako, mahali ambapo wengine hupishanisha nyuzi za rangi moja, yeye aliingiza nyuzi nyeusi kati ya zile nyeupe kwa hesabu yake mwenyewe, zikatokea kama nyota ndogo. Miaka ambayo hesabu hiyo ingepita kutoka mkono hadi mkono, Shangazi alikuwa Mombasa akifanya kazi katika nyumba za watu. Aliporudi, Susu alikuwa amekwisha kuzikwa.

Kilichobaki ni video. Ilipigwa mwaka 2010 kwa simu ya kabambe, imeegemezwa kwenye birika ili isitikisike. Susu ameketi chini ya mwembe, mguu mmoja umenyooshwa, kitako cha kiondo kipo mapajani. Ina dakika 1 na sekunde 52. Picha yake ina upana wa pikseli 176 na urefu wa 144, kama simu nyingi za wakati ule, fremu 15 kwa kila sekunde. Ukiifungua kwenye kompyuta inakuwa kama stempu ya barua. Nyuma ya Susu, upande wa kulia, Mama anamwogesha kitinda mimba wetu ndani ya karai. Wakati huo alikuwa na miaka 3. Leo ana ndevu, na ndevu hizo zina sehemu yao katika kisa hiki.

Mimi kazi yangu ni kupiga na kuhariri video za harusi na matanga. Shangazi alijua hivyo, ndiyo maana alikuja kwangu Ijumaa jioni na kiti chake, akakiweka mbele ya kompyuta, akasema, "Nioneshe mkono wa mama."

Kompyuta yangu ni ya zamani na haibebi programu nzito. Kwa hiyo nilitumia FFmpeg, programu ya bure iliyotolewa mwaka 2000 na Mfaransa aitwaye Fabrice Bellard. Haina vitufe wala dirisha la kupendeza. Unaiandikia amri, inatii. Ndani yake kuna kichujio cha konvolusheni, nacho kinakuachia wewe mwenyewe uandike matriksi. Hapo ndipo nilipopenda. Miaka yote nilikuwa nikivuta kitufe kilichoandikwa neno la kunoa bila kujua kinafanya nini. Sasa namba zilikuwa mikononi mwangu.

Matriksi ni jedwali la namba tu. Ile ndogo kabisa inayotumika kwa kazi hii ina namba 9, tatu kwa tatu. Unailaza juu ya picha ili namba ya katikati ikae juu ya pikseli moja, na zile 8 zikae juu ya majirani zake. Kila pikseli inazidishwa na namba iliyoilalia, yote yanajumlishwa, na jibu linakuwa mwangaza mpya wa ile ya katikati. Halafu unasogea hatua moja, unarudia. Ukitaka kutia ukungu, unaandika 1 mara tisa na kugawanya kwa 9, na kila pikseli inakuwa wastani wa ujirani wake, kama mwethya ambapo kila nyumba huleta jembe moja na shamba linalimwa la wote. Ukitaka kunoa, unafanya kinyume. Katikati unaandika 5, na kwa majirani wanne, wa juu, wa chini, wa kushoto na wa kulia, unaandika −1. Pembeni unaacha 0. Pikseli inajizidisha mara tano kisha inawatoa wenzake. Ukijumlisha namba zote unapata 1, kwa hiyo mahali palipo tambarare hapabadiliki. Panapobadilika ni kwenye kingo.

Kwanza niliikuza video mara 4 kila upande, kila pikseli moja ikawa 16. Nikaandika ile matriksi ya kunoa. Nilipiga hesabu nikaona ni vizidisho zaidi ya bilioni 6 kwa dakika hizo mbili kasoro. Feni ya kompyuta ikaanza kulia, nasi tukachukua mitungi tukashuka mtoni.

Mto wetu, mgeni akiupita wakati wa kiangazi atasema umekauka. Maji yamo ndani ya mchanga. Pande hizi watu wamejenga kuta za mawe na saruji kukatiza mito ya msimu tangu enzi za Joshua Mukusya na wenzake, walioanzisha kundi la Utooni mwaka 1978. Mafuriko hujaza mchanga nyuma ya ukuta, maji hujificha humo, jua haliyafikii, na mchanga huyachuja. Nikamwambia Shangazi kwamba kompyuta yangu inafanya jambo kama hilo, inachuja.

Akafikiri kidogo huku akiteka. "Mchanga unachuja, ni kweli," akasema. "Lakini mchanga hauleti maji. Maji huletwa na mvua."

Nikasema ndiyo, Shangazi, nikainua mtungi. Nilimsikia kwa masikio tu.

Tuliporudi kazi ilikuwa imekwisha, na nikiri kwamba moyo ulinipaa. Susu alikuwa ametoka kwenye utusitusi. Mkunjo wa leso yake ulionekana, na vidole, na kingo za matuta ya fanya juu kwenye mlima nyuma ya mwembe. Mama aliacha jiko, akaja na mwiko mkononi, akasimama akitazama bila neno. Shangazi alishika mdomo. Nani angeishia hapo? Nikaipitisha kwenye matriksi mara ya pili. Ikatoka kali zaidi, kila uzi umechongwa kama kwa wembe, na nyuzi nyeusi zikahesabika.

"Nane," akasema Shangazi, kidole kwenye kioo. "Alikuwa anaanza na nyeusi nane. Na mimi siku zote nilidhani ni chache."

Alikwenda zake usiku ule akiwa na fremu kumi nilizomtolea chapa, na furaha ambayo sijaiona kwake tangu msiba.

Kitinda mimba akaingia Jumamosi. Aliposikia kwamba video itaoneshwa kwenye skrini kubwa siku ya harusi, aliketi kitandani kwangu kwa upole, na upole wake ndio wa kuogopa.

"Kaka, hiyo video haitoki hapa nikiwa kwenye karai."

"Ulikuwa mtoto."

"Nilikuwa mtoto ambaye hakuna aliyemuuliza. Wakwe watakuwepo. Wale tuliosoma nao watakuwepo."

Alikuwa na haki. Mtu ana haki juu ya picha ya mwili wake hata kama ilipigwa kabla hajajua kusema hapana, na mimi, ambaye kila wiki napiga watoto wa watu wakila pilau, nilipaswa kulifikiria jambo hilo kabla yake. Nikamwambia nitamtia ukungu.

Nilichukua ile video ndogo ya asili, si iliyonolewa, maana nilitaka nakala safi ya harusi. Nikaandika 1 mara tisa, na mahali pa kuzidisha jumla nikaandika 1 badala ya moja ya tisa. Pikseli yenye mwangaza wa 140 ikawa 1,260, wakati dari ni 255. Skrini nzima ikawa nyeupe. Mama alipita na birika akauliza kama Susu amemwagikiwa unga. Nikasahihisha. Ukungu ukaja, lakini mwembamba; matriksi ya tatu kwa tatu haifiki mbali, inajua majirani wa karibu tu. "Bado najiona," akasema kitinda mimba. Nikaandika amri irudie mara 30. Wanahesabu wanajua kwamba kisanduku hicho ukikirudia mara nyingi matokeo hukaribia lile umbo la kengele lenye jina la Carl Friedrich Gauss, na ndicho nilichokuwa nakitaka, ukungu laini usio na kingo.

Sikuandika kwamba ukungu huo ukae kwenye karai peke yake. Na kwa kuwa saa saba usiku ilikuwa imepita na nafasi kwenye kompyuta ilikuwa imejaa video za maharusi, faili iliyotoka niliipa jina la ile ya asili, nikaiweka juu yake, nikafuta zile za njiani, nikalala.

Asubuhi nilifungua nikakuta uji. Mwembe, Susu, karai, kiondo, vyote vimekuwa rangi zilizoingiliana kama kanga iliyochujuka kwenye maji ya moto. Kwa nadharia, ukijua matriksi iliyotumika unaweza kujaribu kurudi nyuma kwa hesabu. Lakini katika kila mzunguko kompyuta ilikuwa imekata desimali, na mwishoni faili ilibanwa ili iwe nyepesi, na katika kubanwa huko vitu vidogo hutupwa. Kurudi nyuma kungeniletea vumbi. Sikumwambia mtu. Nilijipa moyo kwamba ile iliyonolewa ipo, na Shangazi ameipata nyota yake.

Siku nne baadaye ndipo kitako kilipofura mezani.

Usiku wa siku hiyo nilikaa na kalamu na karatasi ya hesabu, kwa sababu sikuweza kumjibu Shangazi kwa maneno. Nilichukua ukingo mmoja tu, mahali ambapo konge jeupe lenye mwangaza wa 140 linakutana na uzi mweusi wenye mwangaza wa 100. Mstari unasomeka 140, 140, 140, kisha 100, 100, 100. Nikaupitisha kwenye matriksi yangu kwa mkono. Pikseli nyeupe iliyogusana na uzi: 140 mara 5 ni 700, toa majirani 140, 140, 140 na 100, inabaki 180. Pikseli nyeusi iliyogusana na konge: 500, toa 100, 100, 100 na 140, inabaki 60. Hivyo baada ya kunoa mara moja ukingo umepata mstari mweupe kuliko konge lolote lililokuwa mapajani mwa Susu, na mstari mweusi kuliko rangi yoyote aliyoichemsha. Hapo picha inapendeza, na kuna sababu. Mwaka 1865 Ernst Mach alieleza kwamba jicho la mtu huongeza lenyewe mistari ya namna hiyo penye kingo. Baadaye Keffer Hartline alichunguza jicho la mnyama wa baharini wa jamii ya kale anayefanana na kaa, akaona kila chembe ikiwapunguza nguvu majirani zake, kama zile −1 zangu. Utafiti wake wa macho ulimpa sehemu ya Tuzo ya Nobel ya mwaka 1967. Mama hakushika mwiko akatazama kwa ujinga. Matriksi ilikuwa ikisema lugha ya macho yake.

Kisha nikapitisha mara ya pili, kama nilivyofanya Ijumaa. Ile 180 ikapanda hadi 340, ikagonga dari ikawa 255. Ile 60 ikashuka chini ya sifuri, ikawa 0. Lakini aliyenifanya niweke kalamu chini ni jirani wa pili, yule konge mweupe ambaye hata hakugusana na uzi. Alikuwa 140. Sasa, kwa kuwa jirani yake amefika 180, hesabu yake ni 700 toa 140, 140, 140 na 180. Inabaki 100.

Mia moja. Mwangaza uleule wa uzi mweusi wa Susu. Kando ya kila uzi wa kweli, ng'ambo ya mstari mweupe, matriksi ilikuwa imesuka uzi mwingine wa rangi ileile, mahali ambapo palikuwa na konge tupu. Susu alianza na nyeusi nne. Nane za Shangazi zilikuwa nne zake na nne zangu. Naye, kwa uaminifu wake wote, alitafuta mahali pa kuzitia zote, akazidisha nyuzi za mtande katikati ya kitako, na duara dogo likabebeshwa nyuzi za duara kubwa. Lingelalaje?

Nilimwambia asubuhi, mbele ya Mama, yote mawili: uzi wa uongo na video ya asili niliyoiua. La kwanza alilipokea. Alishika karatasi yangu, akafuata namba kwa kidole, akauliza ile 180 imetoka wapi, nikamwonesha, akatikisa kichwa kwa kukubali. La pili lilimfanya anyamaze. Alikwenda akaketi nje chini ya mwembe, na Mama akanifukuza kwa macho nisimfuate.

Tuliitafuta siku nzima. Ile kabambe ilikuwa kwenye kikapu cha vitu vya kale, betri imevimba, memori kadi haimo. Nilipiga simu kwa binamu aliyeipiga video. Yeye alikwisha kubadilisha simu mara tatu. Jioni kitinda mimba akarudi kutoka sokoni, akaelezwa. Hakusema kitu. Alitoa simu yake mfukoni, akapekua, akaiweka mezani mbele ya Shangazi.

Ilikuwa pale, pikseli 176 kwa 144, haijaguswa. Susu, mwembe, karai, na yeye ndani ya karai.

"Unayo?" nikamuuliza. "Wewe uliyetaka ifichwe?"

"Nilitaka ifichwe kwa watu," akajibu. "Si kwangu. Hii ndiyo video pekee ninayoonekana pamoja na Susu."

Safari hii nilinakili kwanza mahali patatu. Kisha nilitafuta pale Susu anapoinua uso kuitazama simu, mikono imetulia kidogo, na birika limeishikilia picha isitikisike. Hapo kuna fremu zinazofanana kabisa isipokuwa chengachenga za kamera duni, ambazo kila fremu inazo mahali pengine. Nikazichukua fremu 9, nikazijumlisha, nikagawanya kwa 9. Ni zile moja tisa zilezile zilizoniponza, ila sasa pikseli haikuchanganywa na jirani zake. Ilichanganywa na nafsi yake ya kitambo kidogo kabla na kitambo kidogo baada. Chenga, kwa kuwa hazina makao, zilifutana. Uzi, kwa kuwa ulikuwa pale kweli, ukabaki. Picha haikuwa kali. Ilikuwa ndogo na tulivu, na katikati yake mistari minne myeusi.

Kwenye karai la nakala ya harusi niliweka mstatili mweusi usiopenyeka. Ukungu huacha masalia ambayo mtu mjuzi anaweza kuyakisia, na mdogo wangu hakustahili kukisiwa.

Shangazi hakuridhika na fremu ile moja. Aliomba video yenyewe ichezwe, ndogo vilevile, bila kukuzwa, na akaitazama mara nyingi mno hadi isyo ikapoa. Hakuwa akihesabu nyuzi. Alikuwa akitazama kiwiko. Kila Susu alipoingiza uzi mweusi kiwiko kilifunguka nje kidogo, na Shangazi, bila kujijua, alikuwa amekwisha kuanza kufungua chake. Nje. Nje. Nje. Nje. Kisha mkono ukarudi kwenye nyeupe.

Akavuta kile kitako kilichofura, akaomba maji kwenye bakuli alainishe makonge, akaanza kufumua. Kitinda mimba aliketi sakafuni miguuni pake, akashika ncha ya uzi, akawa anaukunja taratibu kwenye vidole vyake kadiri ulivyokuwa ukitoka.